Kusaga ulezi kwa jiwe: zoezi la somo la chimbuko la kilimo

Mwanza mawe hayakosekani, ila si kila jiwe linasaga. Tafuta bapa la itale (graniti) lenye chembe ndogo, urefu sentimita 40 hivi na upana 25. Likwaruze kwa msumari: likidondosha chenga limeoza, liache, litakupa mchanga badala ya unga. Jiwe la juu liwe refu kidogo, kilo 2 hadi 3, la kushikwa kwa mikono miwili.

Wengi hukosea kwa kutaka jiwe laini. Juu ya jiwe laini punje huteleza tu. Ligongegonge bapa kwa jiwe gumu la kwatzi (quartz), ukiacha vishimo vidogo vilivyobanana uso mzima. Ndivyo vinavyoishika punje na kuipasua. Vaa miwani ya kukinga macho, vipande huruka. Vishimo vikisawazika, gongagonga upya. Sugua kwa brashi na maji, saga konzi mbili za ulezi na uzimwage, urudie mpaka unga usisikike mchanga kati ya vidole.

Ulezi uupepete, uuoshe, uuanike mpaka punje ivunjike kwa mlio ukiiuma. Ukiwa na unyevu utagandamana kwenye jiwe kama tope.

Inua kidogo upande wa bapa ulio kwako, tandika kitambaa safi mbele, piga magoti. Weka konzi moja tu. Sukuma kwa uzito wa mabega na kiuno, si viganja, kisha rudisha jiwe bila kulikandamiza. Chekecha, na chenga uzirudishe.

Baada ya robo saa, mwalimu, muulize kila mwanafunzi panapouma. Watataja magoti, kiuno na vidole gumba vya miguu vilivyokunjwa. Ndipo uwaeleze kuhusu Abu Hureyra, Siria: mifupa ya wanawake wa kijiji kile cha wakulima wa kwanza ina madhara kwenye viungo hivyohivyo. Waeleze pia kuhusu Ohalo II, kambi ya kale ya wawindaji na wakusanyaji kando ya Bahari ya Galilaya, ambako jiwe la kusagia la miaka 23,000 iliyopita lilikutwa na wanga wa shayiri pori. Kilimo cha shayiri kilikuja kushika mizizi zaidi ya miaka 10,000 baadaye. Kusaga kulitangulia shamba, na jambo hilo vitabu vingi vya shule hulipita haraka mno.

Mwisho pimeni unga uliopatikana, mkokotoe saa ambazo kaya ya watu sita ingehitaji kusaga ili ipate ugali wa siku moja.