Kuisoma bahari ya kale kwenye tope la pwani

Gawa kila sampuli ya tope sehemu mbili: nusu ya foraminifera, nusu ya chavua (unga wa maua). Foraminifera ni viumbe vya seli moja vyenye maganda, nao hueleza maji yalivyokuwa pale pale ulipochimba. Chavua hueleza mimea ya nchi kavu iliyozunguka. Nusu zote mbili zitoke kina kilekile, la sivyo huwezi kuzilinganisha.

Hatua ya 1: Kuchimba. Chagua mahali tope lilipotulia, mbali na mkondo. Nguzo ya tope ikishatoka, kwangua ngozi yake ya nje kwa kisu kisafi, maana bomba la kuchimbia hukokota tope la juu hadi chini. Andika juu na chini papo hapo.

Hatua ya 2: Foraminifera. Loweka, kisha osha taratibu juu ya chekeche ya maikroni 63. Usisugue kwa kidole, maganda yatavunjika. Chini ya hadubini, okota kwa ncha ya brashi yenye unyevu hadi ufikishe maganda 300 hivi. *Trochammina inflata* utaitambua upesi: ganda la kahawia lililojisokota, limejengwa kwa chembe za mashapo zilizogandishwa. Huyu huishi kinamasi cha chumvi na kwenye mikoko, karibu na ukomo wa maji kujaa. *Ammonia* (jina la kiumbe, si la gesi) na *Elphidium* wana maganda ya chokaa. Kuwa mwangalifu hapa: tope lenye asidi huyeyusha chokaa, kwa hiyo kutowaona si ushahidi kwamba hawakuwepo. Mara nyingi utando wa ndani ya ganda husalia, nao utauona kwenye slaidi za chavua.

Hatua ya 3: Chavua. Weka kidonge chenye idadi inayojulikana ya spora za *Lycopodium* (mmea usio na maua) mwanzoni kabisa; ndicho kipimo chako cha wingi, na ukikisahau hakuna njia ya kurudi. Ondoa chokaa kwa asidi hidrokloriki na mboji kwa potasiamu hidroksaidi ya moto. Kisha asetolisisi, yaani kuondoa selulosi kwa asidi: asetiki anhidridi sehemu 9, asidi sulfuriki sehemu 1. Mchanganyiko huu huchachamaa vibaya ukigusa maji, kwa hiyo suuza kwa asidi asetiki isiyo na maji kabla na baada. Fanyia ndani ya kabati la kufyonza hewa, na usiwe peke yako.

Hatua ya 4: Umri. Kwa kaboni-14 (kaboni yenye mionzi, hupungua kadiri muda unavyopita), jani au mbegu ni bora kuliko kombe. Kombe la baharini huonekana kuwa na umri mkubwa zaidi, kwa wastani kama miaka 400.

Hatua ya 5: Kusoma pamoja. Anza chini, panda juu. Chavua za nyasi zikifuatwa na za mikoko pamoja na *Trochammina*, kisha *Ammonia* na *Elphidium* wakatawala huku mikoko ikipungua, bahari ilikuwa ikipanda. Chavua chache za misonobari zisikudanganye. Zina vifuko viwili vya hewa na husafiri mbali sana.

Nusu mbili zikipingana, rudi kwenye hadubini. Ukikuta tabaka jembamba la mchanga lenye maganda ya kina kirefu, mengi yamevunjika, na chavua chini yake na juu yake ni zilezile, usiandike kwamba bahari ilipanda. Mimea ya pwani haikuhama. Hapo tafuta dhoruba au tsunami.