Ukitaka kuuza mihogo karibu na sekondari, wajue kwanza wanafunzi

Wanaokuja kuniuliza namna ya kuuza vitafunwa karibu na shule huanza na swali la mtaji. Jiko la mkaa, karai, ndoo mbili na benchi unaweza kuvipata hela ya mchezo wa kupeana ikikuangukia. Kinachowashinda wengi ni mteja. Mwanafunzi wa sekondari wa Dar ana hela kidogo na njaa kubwa, na hiyo hela kidogo ameshaipangia mambo mengine matatu kabla hajafika kwako. Mimi niko upande wa Temeke. Nauza mihogo, sambusa za viazi, na embe bichi ukifika msimu wake. Wananiita Mama Mihogo, walimu nao wamefuata.

Anza na hesabu ya mfukoni mwao. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200, kwenda na kurudi ni 400, na anayeunganisha magari mawili zidisha mwenyewe. Aliyepewa buku nyumbani anabaki na mia sita. Hiyo mia sita mnaigombea wewe, muuza ubuyu, muuza barafu za ukwaju na mwenye kibanda cha gemu. Kwa hiyo usimpangie sahani ya buku. Hiyo wauzie walimu. Kata vipande vya mia, sambusa mia mbili. Akila ya mia tatu anabakiwa na mia tatu ya kuchanga na wenzake wakacheze gemu jioni, na kesho atarudi kwako. Ukiimaliza hela yake yote leo, kesho utamwona anapita upande wa pili wa barabara. Na usitoke nyumbani bila chenji. Sarafu za hamsini na mia ziweke kwenye kopo, maana saa nne wanakuja wote kwa mpigo na hakuna wa kukusubiri ukavunje noti dukani.

Hiyo saa nne ni ya mapumziko ya chai, na ni lazima mzigo uwe umeshaiva. Kabla hujaweka jiko popote, nenda kamuone mkuu wa shule au mwalimu wa zamu ujue kama wanafunzi wanaruhusiwa kutoka, au unatakiwa upeleke chakula ndani. Halafu nenda kwa mtendaji wa mtaa. Ukiruka hatua hiyo, mgambo atakufundisha vizuri kuliko mimi. Wimbi la pili ni la kutoka, kuanzia saa nane na kitu, na hili ndilo refu, kwa sababu hapo hawaji kula tu.

Sasa mihogo yenyewe. Muhogo wa kukaanga huharibikia sokoni, kabla ya kuonana na mafuta. Mingi tunayoipata huku inatoka Mkuranga na Kisarawe, na muhogo haupendi kukaa: ukishachimbwa, siku mbili tatu unaanza kupiga michirizi ya bluu na nyeusi ndani. Muombe muuzaji auvunje ncha. Uwe mweupe, uvunjike kwa mlio, na ganda lake la ndani lichomoke bila kung'ang'ania. Onja kipande kidogo sana. Ukiwa mchungu, tema na uachie palepale. Uchungu huo ni dalili ya sumu, na hakuna pilipili ya kuifunika. Usilishe watoto wa watu muhogo wa kubahatisha.

Ukifika nyumbani menya, pasua kwa urefu, toa ule mzizi wa katikati, kisha loweka kwenye maji ya chumvi. Wengi wanakaanga mbichi moja kwa moja. Mimi nauchemsha kwanza hadi uanze kupasuka pasuka pembeni, nachuja, nauacha ukauke kabisa, ndipo unaingia kwenye mafuta yaliyoshika moto. Unatoka mkavu nje na laini ndani, na hata ukipoa hautafuniki kama kuni. Mafuta yakishakuwa meusi yamwage. Wanafunzi wana midomo, na jina la "mama wa mafuta ya jana" halifutiki.

Lakini wanachokifuata hasa ni chachandu. Yangu ni nyanya zilizoiva sana, kitunguu saumu, pilipili mbuzi na embe bichi la kukwaruza, nachemsha mpaka iwe nzito, ndimu na chumvi mwishoni. Embe likiadimika naweka ukwaju. Tenga mabakuli mawili, la kali na la wastani, na umwagie wewe kwa kijiko. Ukiwaachia bakuli, saa nne na robo limekwisha. Wasichana ndio wanaokula pilipili kuliko wote, usidanganywe na sura. Embe likishaanza kujaa sokoni, kuelekea Desemba, lichonge vipande na chumvi na pilipili ya unga, watakusahaulisha hata sambusa. Wavulana wao wanatafuta cha kujaza tumbo, ndiyo maana viazi ndani ya sambusa visiwe vya kunyunyizia.

Benchi weka, hata kama ni ubao juu ya matofali. Wanakaa pale kubishana, na mbishi anakula. Jumatatu baada ya mechi ya Simba na Yanga naongeza mzigo, maana hakuna anayewahi nyumbani. Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, na mtoto aliyezaliwa juzi atakubishia huo mwaka mmoja kana kwamba alikuwepo siku ya kuandikishwa. Kuna kijana wa kidato cha tatu ambaye hununua kipande kimoja tu na kukitumia kuonyesha goli lilivyofungwa: muhogo ni beki, sambusa ya mwenzake ni mshambuliaji, tone la chachandu kwenye benchi ni nukta ya penalti. Maelezo yakifika kwenye goli, sambusa imeshaliwa, na mwenyewe ananunua nyingine. Wewe usivae jezi yoyote. Ukiulizwa timu yako sema Taifa Stars, ugeuze mihogo.

Wasiobishana mpira wanacheza muziki. Simu shuleni hawaruhusiwi, kwa hiyo aliyeona mtindo mpya jana usiku nyumbani ndiye mwalimu wa wenzake mchana, palepale mbele ya jiko. Singeli ikipigwa kwenye bajaji iliyoegeshwa jirani, hata yule mpole wa mstari wa mbele darasani anaangusha begi. Waache, ila waambie wakae mbali na karai. Radio yako mwenyewe usiweke kwa sauti; ofisi ya walimu ikisumbuka mara moja tu, unahamishwa wewe, bajaji inabaki. Drafti la vizibo vya soda, weka. Linawatuliza wanaosubiri daladala, na anayefungwa ndiye anayenunua.

Kitu ambacho sikiruhusu kwenye benchi langu ni mkeka wa kubeti. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18, na hata ingekuwa haikatazi, ile hela ni ya nauli. Mtoto akiliwa nauli atakuja kukopa kwako. Na kukopa nako kuwe na mpaka: sina daftari la madeni la wanafunzi. Mwenye njaa kweli namjua kwa namna anavyosimama pembeni akijifanya anasoma. Huyo namuita anisaidie kusogeza ndoo ya maji, namfungia kipande, ananipa shikamoo yake, yanaisha.

Usafi nausema kwa kifupi kwa sababu hauna mjadala. Kapime afya, funika chakula, weka maji yanayotiririka na sabuni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo fungia kwenye bahasha za kaki. Gazeti linaacha wino kwenye mafuta, na karatasi za mitihani ya zamani zinaleta ugomvi: nimeona msichana anasoma maksi za kaka yake kwenye mfuko wa sambusa.

Masika nunua mwamvuli mkubwa na punguza mzigo, maana mvua ya saa nane inawafukuza wote. Ramadhani biashara ya mchana inalala. Mimi nahamia kwenye futari, mihogo ya nazi, nyumbani kwangu jioni. Shule ikifungwa Juni na Desemba usikae ndani. Wateja ni walewale, wamevua sare tu, utawakuta kwenye viwanja vya vumbi kwenye mechi za ndondo. Peleka jiko saa tisa alasiri, lipe mgongo upepo ili moshi usiwaendee watazamaji, na bei usipandishe. Kipindi cha kwanza hawanunui sana. Mapumziko ya mechi ndiyo saa nne yako, na mechi ikienda penalti hakikisha una mzigo wa pili kwenye ndoo, kwa sababu hapo hakuna anayeondoka.