Kujiandaa kwa kazi ya usimamizi wa seva na mitihani yake

Vijana wanaomaliza masomo ya TEHAMA huniuliza mara kwa mara waanze na cheti gani, na jibu langu huwakera kidogo, kwa sababu huwaambia waanze kwa kuharibu kompyuta. Msimamizi wa mifumo huhitajika hasa saa ile ambayo seva imegoma na wafanyakazi wote wamekaa wakimtazama, na utulivu wa saa hiyo haupatikani kwa kukariri maswali. Vyeti vina nafasi yake, nami ninavyo, lakini vinafaa vije baada ya mikono kuzoea kazi.

Kwa maabara ya nyumbani, kompyuta moja yenye RAM ya GB 8 inatosha. Weka VirtualBox, ambayo hailipiwi, kisha utengeneze ndani yake seva pepe mbili au tatu, yaani kompyuta za kuigiza zinazoishi ndani ya kompyuta yako, zenye mfumo endeshi wa Linux: moja ya toleo la Debian na nyingine ya AlmaLinux, ambayo imeundwa ioane na Red Hat Enterprise Linux, toleo la kampuni ya Red Hat. Anayeitaka Red Hat yenyewe anaweza kujiandikisha katika mpango wa kampuni hiyo wa watengenezaji wa programu, unaomruhusu mtu binafsi kuitumia bila malipo kwenye mifumo isiyozidi 16. Usiweke mandhari ya madirisha na vitufe, ili ulazimike kufanya kila jambo kwa kuandika amri. Ipe kila seva anwani ya IP isiyobadilika, zifanye zitambuane kwa majina kupitia DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani, ingia kwa SSH, njia salama ya kuiendesha seva kutoka mbali, ukitumia jozi ya funguo badala ya nywila, weka tovuti kwenye moja na hifadhidata kwenye nyingine, kisha upange nakala rudufu ifanyike kila usiku kwa rsync, inayonakili mafaili, na cron, inayoendesha kazi kwa ratiba.

Yote yakishafanya kazi, anza kuyavuruga. Jaza diski kwa makusudi, kisha ujaribu kuwasha hifadhidata na usome malalamiko yake kwa journalctl, amri inayoonyesha kumbukumbu za matukio ya mfumo. Futa faili kubwa la kumbukumbu za matukio wakati programu inayoliandika bado inaendelea, nawe utaona nafasi haikurudi, kwa kuwa Linux haiachii nafasi ya faili lililofutwa mpaka programu iliyolifungua ilifunge. Amri ya lsof itakuonyesha ni programu ipi inayolishikilia. Siku nyingine tengeneza mamia ya maelfu ya mafaili madogo hadi inodi ziishe, yaani vile vitambulisho ambavyo mfumo huvigawa kwa kila faili. Hapo amri ya df -h, inayoonyesha nafasi ya diski, itadai kwamba nafasi ipo tele, ilhali hakuna faili jipya linalokubali kuandikwa, na ni df -i, inayohesabu inodi, itakayokupa jibu. Zoezi la kuzimika ghafla kwa umeme kwetu halihitaji kupangwa. Kila mara andika kwenye daftari dalili uliyoiona, chanzo chake, na amri iliyoondoa tatizo.

Nakala rudufu nazisisitiza kwa sababu ziliwahi kuniumbua. Nilipokuwa mgeni kazini, taarifa ya kila asubuhi ilisema kwamba nakala imefanyika salama, nami niliiamini kwa miezi kadhaa, mpaka diski ilipokufa ndipo tukagundua kwamba hifadhidata ilikwishahamishiwa sehemu nyingine na sisi tulikuwa tukinakili folda tupu. Tuliingiza upya kumbukumbu kutoka kwenye risiti za karatasi. Tangu siku hiyo hurejesha nakala kwenye mashine nyingine kila mwezi na kuifungua kwa macho yangu, na wewe fanya hivyo hata katika maabara yako.

Baada ya miezi michache ya kazi hiyo, chagua mtihani. LPIC-1 wa Linux Professional Institute una karatasi mbili, kila moja ikiwa na maswali 60 kwa dakika 90, na haufungamani na toleo la Linux la kampuni moja. Cheti chake hudumu miaka 5. RHCSA wa Red Hat ndio ninaouheshimu zaidi, kwa kuwa hauna maswali ya kuchagua: unakabidhiwa mifumo halisi, unatakiwa kupata alama 210 kati ya 300, na kila ulichokisanidi lazima kiendelee kufanya kazi baada ya mashine kuwashwa upya. Wengi huangukia hapo, kwa mfano kwa kuanzisha huduma bila kuiamuru ijianzishe yenyewe mashine inapowaka. Hakuna intaneti ndani ya mtihani, ila kurasa za man, yaani maelezo ya amri yaliyomo ndani ya mfumo wenyewe, zipo, basi jifunze kutafuta ndani yake upesi. Anayevutwa na mitandao atafute CCNA wa Cisco, na ambaye ofisi yake imehamia kwenye wingu la Microsoft atafute AZ-104. Vyeti viwili kwa pamoja mwanzoni ni kupoteza fedha.

Unapojisajili, andika jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho, kwa sababu herufi zikitofautiana unaweza kurudishwa mlangoni. Mitihani mingine hufanyika nyumbani mbele ya kamera, lakini kama umeme au intaneti yako ni ya kubahatisha, nenda kituoni. Usinunue maswali yaliyoibwa. Kampuni hizi hufuta vyeti vya waliobainika, na hata asiyebainika huumbuka wiki ya kwanza kazini.

Kazi ya kwanza huenda ikawa ya kuhudumia watumiaji, kubadilisha nywila zilizosahauliwa na kufufua printa, na si ya kudharauliwa, kwa maana hapo ndipo utakapojua nani hutumia mfumo upi na saa ngapi usiuguse. Kwenye usaili nenda na lile daftari. Ukiulizwa kuhusu tatizo gumu uliloliwahi kulitatua, eleza siku ambayo df -h ilionyesha nafasi na seva ikakataa kuandika, ukitaja amri ulizozitumia kwa mpangilio wake, pamoja na zile ambazo hazikukusaidia.