Mtoto ana uvimbe wa bluu au baka jekundu? Soma hii kabla hajakatwa

Wazazi wenzangu, wangu alikuwa na kauvimbe mdomo wa chini, bibi yake akasema nilikula sana zambarau nikiwa mjamzito, sehemu moja tulipoenda wakasema jipu na wembe ukaanza kutayarishwa, kumbe nesi mmoja mtu mzima kasimama pembeni anasema subirini kwanza mtoto alie. Mtoto akalia, mdomo ukavimba mara mbili na kuwa bluu, akanyamaza ukanywea. Jipu haliko hivyo. Ile ilikuwa mishipa ya damu imeumbika vibaya tangu tumboni.

Sasa kabla hujaenda popote fungua picha za simu yako, kuanzia siku aliyozaliwa, angalia lini kitu kilianza kuonekana, hiyo tarehe ina thamani kuliko unavyodhani. Kama kilikuja wiki chache baada ya kuzaliwa kikawa kinakua mbio mpaka kama miezi 5, alafu kikatulia, hiyo mara nyingi ni hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa midogo ya damu iliyoota kupita kiasi, nayo husinyaa yenyewe pole pole kwa miaka. Kama ilikuwepo tangu kuzaliwa na inakua na mtoto bila kupungua, hiyo ndo mishipa iliyoumbika vibaya, haiondoki yenyewe, na nyingine hujificha zikaja kujitokeza akibalehe au akiwa mjamzito. Watu wengi, hata wahudumu wa afya, wanaziita zote hemanjioma na hapo ndo dawa inakosewa.

Alafu shika. Ngozi zetu nyeusi zinaficha wekundu kwahiyo usitegemee macho tu. Bonyeza taratibu: ukinywea kama puto la maji na kurudi pole pole, na ukizidi mtoto akiinama au akilia, ni upande wa vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Ukikuta ndani vitu vigumu kama punje za mtama, ni damu iliyoganda ikawa vijiwe, usiogope ila mwambie daktari. Weka kiganja: kama pana joto kuliko shavu la pili na panatetemeka kama simu iliyowekwa vaibresheni, ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, inamwaga damu moja kwa moja kwenye vena, huyo asiguswe na kisu wala asikatwe kinyama cha kupima mpaka apigwe picha, damu yake haichezewi.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi ya Dopla, ile inayoonyesha damu inavyotembea. Haina mionzi, hahitaji usingizi, mnyonyeshe tu atulie. Omba ripoti iseme wazi damu inakimbia au inatembea taratibu, maana mimi ya kwanza niliandikiwa "uvimbe laini" basi, hela imeenda. MRI, picha ya mashine ya sumaku, inafuata kuonyesha umeingia ndani kiasi gani, na mtoto mdogo atalazwa usingizi kwa hiyo uliza mapema mwisho wa kunyonya ni saa ngapi.

Matibabu sasa. Hemanjioma nyingi zinaachwa, ila ikiwa karibu na jicho, puani, mdomoni au ina kidonda usisubiri, kuna propranolol, ile dawa ya presha. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitoa ripoti kwamba waliwapa watoto kwa ajili ya moyo wakashangaa hemanjioma zinalainika. Inapigwa hesabu kwa kilo za mtoto, anapewa akishanyonya, akiwa anatapika au hataki kula unairuka na kumpigia daktari kwasababu sukari inashuka, kifua kikianza kupiga filimbi rudi hospitali. Tafadhali usiende kuvunja kidonge cha bibi nyumbani. Na kwa mishipa iliyoumbika vibaya hii dawa haisaidii.

Za vena zinachomwa sindano ya dawa inayofanya mshipa ujifunge, huku wanaangalia kwa altrasaundi, na sio mara moja. Siku za kwanza uvimbe unazidi, mimi nililia nikijua wameharibu, kumbe ndo kawaida yake. Ya mguuni inasaidiwa pia na soksi za kubana. Zile zinazotetemeka wanapitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka kwenye tatizo wanaziba humo humo, na mtu akikwambia tuifunge tu ateri inayoleta damu mkatalie, mingine itakuja kulisha na itakuwa mbaya zaidi. Hii kazi ni ya daktari wa radiolojia tiba, anayetibu huku akiongozwa na picha, kwa Tanzania anzia kuulizia Muhimbili. Baka bapa jekundu hutibiwa kwa leza, ila likiwa paji la uso na kope apimwe presha ya macho na umwambie daktari kama amewahi kupata degedege.

Usingoje kesho kama hemanjioma iko kidevuni au shingoni na anapumua kwa mlio, inaweza kuwa mpaka kooni. Akiwa na hemanjioma 5 au zaidi kwenye ngozi omba altrasaundi ya ini. Ikitoa damu kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 ukitazama saa, bila kuchungulia, ikigoma nenda.

Na kila tarehe 1 piga picha, dirisha lile lile, sarafu ya 200 pembeni ya uvimbe, daktari wetu siku hizi anaanza na hizo kabla hajamshika mtoto.