Somo: Maswali ya mlinganisho wa maneno na sentensi ya kuyafungulia

Swali la mlinganisho hukupa jozi ya maneno, nawe uchague jozi nyingine yenye uhusiano uleule. Huja hivi:

RANDA : UBAO ::
A. msumeno : gogo
B. sindano : kitambaa
C. tupa : chuma
D. nyundo : msumari

Kujua maana ya randa hakutoshi hapa. Unachopimwa ni kama unaweza kusema randa inaufanyia nini ubao. Wengi hukosa kwa kukimbilia machaguo kabla ya kulisema hilo.

Hatua ya 1. Funika machaguo kwa kiganja, kisha tunga sentensi moja fupi yenye maneno yote mawili. Tuseme umetunga: "Randa hutumika kwenye ubao."

Hatua ya 2. Fungua machaguo, uingize kila jozi katika sentensi hiyohiyo. Msumeno hutumika kwenye gogo, sindano kwenye kitambaa, tupa kwenye chuma, nyundo kwenye msumari. Zote nne zimepita! Ujue sentensi yako imelegea.

Hatua ya 3. Ikaze kwa kuongeza jambo moja tu: "Randa hulainisha uso wa ubao." Msumeno hukata, sindano hushona, nyundo hugongomea. Tupa hulainisha uso wa chuma. Jibu ni C. Usiongeze mambo matatu kwa mpigo, kwa maana ukisema "hulainisha ubao kwa kutoa maranda" hata C itaanguka.

Hatua ya 4. Angalia mpangilio. UPEPO : TUFANI huenda kutoka hafifu kwenda kali. "Gharika : mvua" ina uhusiano huohuo, ila umegeuzwa, kwa hiyo si jibu. "Hasira : ghadhabu" ndiyo sahihi, ingawa haihusiani kabisa na hali ya hewa. Watunzi hupenda kuweka "wimbi : bahari" karibu na tufani kwa sababu yanafanana mada, na mtahiniwa aliyechoka huvutwa na mada. Hapa ndipo alama nyingi hupotea.

Hatua ya 5. Neno lenye maana nyingi lisikupeleke mbio. Katika PAA : KWATO, ukiwaza paa la nyumba utachagua "ukuta : msingi". Kwato inakuambia huyu ni mnyama, na sentensi inakuwa: "Paa ana kwato miguuni." Tafuta "chui : ukucha". Maneno "kaa" na "panda" nayo hutumiwa kutega vivyo hivyo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimekaza sentensi na hakuna jozi hata moja inayopita. Nimekosea wapi?*
Jaribu kwanza kuanza sentensi na neno la pili. Ikishindikana, soma kwa kuvuka. NG'OMBE : KUKU :: NDAMA : ? hufunguka ukiunganisha neno la kwanza na la tatu, la pili na la nne. Jibu ni kifaranga. Njia hii inafaa pale tu unapotakiwa kujaza neno moja. Ukipewa jozi nzima za kuchagua, baki ndani ya jozi.

*Kama neno moja la swali silijui kabisa?*
Anzia kwenye machaguo. Tungia kila jozi sentensi yake. Jozi kama "kalamu : kiti" haina uhusiano wa lazima, basi ikate. Zinazobaki, chukua sentensi yake uirudishe kwenye swali, uone kama neno usilolijua linaweza kubeba maana hiyo.

*Nibahatishe au niache wazi?*
Inategemea kama kosa linakatwa alama. Katika SSAT, mtihani wa kujiunga na shule binafsi, hasa za Marekani, ngazi ya kati na ya juu, kila swali lina machaguo 5 na kosa hukatwa robo alama. Kubahatisha bila kukata chochote hakukupi faida wala hasara kwa wastani. Ukishakata hata chaguo moja kwa uhakika, bahatisha.

*Nasikia maswali haya yalifutwa.*
Yaliondolewa kwenye SAT (mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani) mwaka 2005 na kwenye GRE (mtihani wa kuingia masomo ya uzamili) mwaka 2011. SSAT bado inayo: sehemu ya maneno ina maswali 60 kwa dakika 30, na 30 kati yake ni ya mlinganisho. Hiyo ni sekunde 30 kwa swali, kwa hiyo ukikaza sentensi mara mbili bila mafanikio, weka alama pembeni uendelee na linalofuata.