Kusoma historia ya stesheni ndogo iliyofungwa

Kwanza omba kibali cha Shirika la Reli Tanzania. Eneo la reli ni hifadhi hata kama treni haipiti. Beba brashi ya waya, chaki, futikamba na kamera.

Anza na reli yenyewe. Piga brashi ubavuni, paka chaki ubapa, kisha piga picha asubuhi au jioni, mwanga ukija kwa pembeni. Herufi zilizoinuka zitajitokeza: kiwanda, na mara nyingi mwaka. Hapa wengi hukosea. Huo ni mwaka wa kutengenezwa chuma, si wa kufunguliwa stesheni. Reli kuukuu huhamishiwa njia za pembeni. Soma vipande kadhaa, vya njia kuu kwanza.

Pima upana kati ya nyuso za ndani za reli. Milimita 1000 ni reli za zamani kama ile ya Tanga na Reli ya Kati, hii ya pili iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Milimita 1067 ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Reli iliyolegea kwenye mataruma, yaani vipande vinavyolazwa chini yake, hudanganya, kwa hiyo pima sehemu tatu.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Upanga. Majalada ya Wajerumani, walioijenga Reli ya Kati, yako kwa Kijerumani, na tahajia ni ya zamani: tafuta Daressalam, Kilossa, Muansa. Ukiandika Kilosa tu, utaondoka mikono mitupu ilhali jalada lipo.

Wazee waliofanya kazi relini waulize mapema. Shikamoo kwanza, kisha waonyeshe zile picha.