Namna ya Kusoma Wanyama katika Picha za Mazishi za Misri ya Kale

Anayetaka kuzielewa picha za mazishi za Misri ya kale asianze kwa kukariri majina ya miungu. Amtazame kwanza mnyama na kujiuliza ana tabia gani, kwani Wamisri walitunga alama zao kutokana na yale waliyoyaona kwa macho. Mbweha walizurura pembezoni mwa jangwa, palipozikwa wafu, wakifukua makaburi yasiyo na kina; ndipo Anubis, mlinzi wa maiti, akachorwa na kichwa cha mbweha. Weusi wake si wa manyoya, bali ni wa tope lenye rutuba la mto Nile, rangi ya uhai unaorejea.

Kisha jizoeze kwa picha moja. Ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kupimwa kwa moyo wa marehemu katika hati ya mafunjo ya mwandishi Ani, iliyochorwa yapata mwaka 1250 KK na ambayo sasa imehifadhiwa katika British Museum, London. Anza kushoto, wanakoingilia Ani na mkewe wakiwa wameinama. Mbele yao ipo mizani: kitanga kimoja kina moyo wa Ani, kingine kina unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki. Hapa usiharakishe. Anubis amepiga goti akikagua timazi, Thoth, mungu wa maandishi mwenye kichwa cha kwarara, ameshika kalamu ili aandike matokeo, na nyuma yake anangoja Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na sehemu ya nyuma ya kiboko, tayari kuumeza moyo utakaoonekana na hatia.

Usidhani kwamba kila mnyama ana maana moja tu. Kosa hili huwapotosha wengi. Nyani aliyeketi juu ya mizani ni Thoth kwa sura nyingine, lakini nyani kwenye kifuniko cha mtungi wa viungo vya maiti ni Hapi, mlinzi wa mapafu. Mbweha kwenye mtungi si Anubis, bali ni Duamutef anayelinda tumbo. Kozi kwenye mtungi ni Qebehsenuef, mlinzi wa utumbo. Ila ukimwona mwenye kichwa cha kozi amemshika Ani mkono akimpeleka mbele ya Osiris, mtawala wa wafu, huyo ni Horus, mwana wa Osiris.